Tarumbeta Kuukuu: Tunalitengeneza au Tunalisugua?

Jumamosi mchana Dar es Salaam, kirikuu inapita na vijana saba nyuma, wamesimama, mmoja kakumbatia besi kwa mikono miwili lisimwangukie mwenzake kwenye matuta. Bibi harusi hajatoka saluni, lakini mtaa mzima umeshajua kuna shughuli. Ukisogea ukavitazama vyombo vyao, vingi vimeshapita mikononi mwa wengine. Hata vya kwaya zetu za matarumbeta huko usharikani ni hivyo hivyo. Baadhi vililetwa na sharika rafiki za Ujerumani baada ya kutumika kwao miaka na miaka. Uhusiano huo ni wa zamani. Wamisionari wa Betheli walifika Usambara mwaka 1891 na Bukoba mwaka 1910, na huko Bethel kwenyewe, jirani na Bielefeld, ndiko alikotumika mchungaji Johannes Kuhlo, kiongozi wa kwaya za matarumbeta, ambaye Wajerumani walimwita jemadari wa tromboni.

Kila chombo cha namna hii kinapofika kwa fundi, ubishi ni ule ule. Wapo wanaotaka kivuliwe vanishi yote, kisuguliwe kwa mashine mpaka mtu ajione uso, kisha kipakwe vanishi mpya. Wapo wanaosema: rekebisha kinachopitisha pumzi, rangi iache kama ilivyo. Nimepiga tarumbeta usharikani kwa miaka, na nimeegemea upande wa pili, ingawa wa kwanza hawana hoja ya kupuuzwa.

Familia inayotafuta bendi ya harusi huona kwanza, ndipo isikie. Vijana wakija na sare nyeupe na vyombo vyenye madoa ya kijani, mwenye shughuli anajua picha zake zimeharibika, na simu ya Jumamosi ijayo itapigwa kwa wengine. Hapo mng'ao unaleta chakula nyumbani. Isitoshe, vanishi ina kazi yake. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi sabini kwa thelathini, na jasho la viganja pamoja na hewa ya chumvi ya pwani huitafuna ikiwa uchi. Shika tarumbeta lisilo na vanishi kwa wimbo mmoja wakati wa joto la Februari, halafu nusa mkono wako.

Tatizo ni ile mashine ya kusugulia. Mdomo mpana wa tarumbeta, pale mbele ulipofunguka kama ua, unene wake ni kama nusu milimita tu. Gurudumu halichagui kati ya uchafu na chuma. Linakula vyote, na linakula zaidi kwenye kingo na viungo. Ukitaka kujua tarumbeta limepita kwenye gurudumu mara ngapi, tazama jina la mtengenezaji lililochorwa. Kwenye chombo ambacho hakijasuguliwa, herufi zina makali, ukipitisha ukucha unakwama. Kwenye kilichosuguliwa, herufi zimelainika kama maandishi ya sarafu ya zamani. Kilichopotea hapo hakuna fundi wa kukirudisha. Ndiyo maana wakusanyaji wa Marekani, wanapotafuta tarumbeta za mtengenezaji Vincent Bach za enzi kiwanda chake kilipokuwa Mount Vernon, New York, hulipa zaidi kwa lenye vanishi yake ya kwanza, hata iwe imebabuka.

Kuna ubishi mwingine, wa sauti. Renold Schilke, mpigaji na mtengenezaji wa Chicago, alishikilia kwamba vanishi huharibu sauti na akaona heri kuchovya fedha, yaani kukipa chombo utando mwembamba wa madini ya fedha. Sikatai, lakini kwa bendi zetu nadhani tunapoteza muda. Tarumbeta linalovuja pumzi kwenye pistoni, zile za kubonyeza kwa vidole, halitaokolewa na vanishi wala fedha.

Linaloniuma hasa ni jingine. Mng'ao unaficha ugonjwa. Pumzi ya mpigaji ina unyevu na tindikali, na bomba la kwanza, lile linalopokea kipulizio, ndilo linalokaa na unyevu huo. Zinki inatoka polepole, inabaki shaba nyekundu yenye vitundu. Kwa nje unaona madoa madogo ya waridi, mengine yana kitone cheusi katikati. Maana yake ukuta unaoza kutoka ndani. Sugua kwa mashine, madoa yanapotea kwa muda na ukuta unazidi kuwa mwembamba. Niliwahi kununua tarumbeta linalowaka kama kioo. Miezi michache baadaye bomba hilo lilitoboka chini ya kidole changu, katikati ya wimbo, alfajiri ya Pasaka makaburini. Aliyeniuzia hakuwa mwongo. Alilisugua kwa nia njema, akaondoa alama pekee ambayo ingenionya.

Kwa hiyo mimi ningepanga kazi hivi: kwanza kufungua kila kiungo na kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kunyoosha palipobonyea kwa vyuma vya mviringo vinavyopitishwa ndani, kulehemu viungo vilivyoachia, kubadilisha bomba lililooza. Baada ya hapo ndipo tuzungumze mng'ao. Vanishi ikiwa bado imeshika sehemu kubwa, iachwe. Ikiwa imebaki viraka tu, ivuliwe kwa dawa, si kwa gurudumu, na chombo king'arishwe kwa mkono kabla ya kupakwa upya. Bendi ya harusi yenye uwezo ichovye fedha. Itang'aa na itahimili jasho. Na dawa za kung'arishia zenye amonia zisizoeleke kila wiki. Waingereza walipokuwa India waliona maganda yao ya risasi, ya shaba hiyo hiyo, yakipasuka yenyewe kwa sababu ya amonia ya mikojo ya farasi.

Fundi atasema mteja hatalipia asichokiona. Ni kweli, na ndipo ugumu ulipo. Ila kipo cha kumwonyesha. Bila kubonyeza pistoni ya kwanza, vuta bomba lake dogo la pembeni sentimita mbili hivi, subiri kidogo, kisha bonyeza. Chombo kisichovuja kitasema "po!", sauti kavu ya kizibo kinachong'oka. Kinachovuja kitanyamaza, hata kikiwa kinang'aa namna gani. Mpe mteja abonyeze mwenyewe.