Mtori wa mzazi na lawama za uzito

Mwanamke akijifungua Moshi, ndugu hawaji mikono mitupu. Wanakuja na ndizi mshare, nyama yenye mifupa, maziwa, na wenye uwezo huchinja mbuzi. Kwa desturi ya Wachagga mzazi hukaa ndani yapata miezi mitatu, akilishwa na kutunzwa. Siku hizi desturi hiyo inapingwa: eti mama mnene humwachia mwanawe unene na kisukari, kwa hiyo ale kwa kujibana tangu mimba hadi kunyonyesha. Kila upande una lake la kweli, ila mimi naona lawama inaangukia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama anayopikiwa mzazi, nao haustahili lawama hiyo.

Wanaoonya kuhusu unene wana hoja nzito zaidi kwenye sukari ya damu. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, ila insulini yake, homoni inayoshusha sukari ya damu, haipiti. Ikizidi, kongosho la mtoto hutengeneza insulini nyingi, nayo humjaza mafuta. Ndiyo maana mama mwenye kisukari cha mimba asiyetibiwa huweza kuzaa mtoto wa kilo nne na zaidi, anayekwama mabega, na ambaye sukari yake hushuka ghafla akishazaliwa. Utafiti wa kimataifa wa sukari ya wajawazito uitwao HAPO, wa mwaka 2008, uliohusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kuwa hatari hupanda kidogo kidogo pamoja na sukari, hata kabla ya kufikia kiwango cha kuitwa ugonjwa. Kuna pia utafiti wa Kanada wa mwaka 2006 uliolinganisha ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa kabla na baada ya mama zao kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Waliozaliwa baadaye hawakunenepa sana kama kaka na dada zao. Mama ni yule yule, mwili wake ndio uliobadilika.

Lakini mwili huo ulibadilika kabla ya mimba. Ukisubiri hadi tumbo lionekane, matokeo ni madogo. Australia, utafiti ulichukua wajawazito zaidi ya 2,000 wenye uzito uliozidi, na takriban nusu yao wakapewa ushauri wa mlo na mazoezi. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha watoto wa zaidi ya kilo nne wamepungua kwa waliopewa ushauri, ila idadi ya watoto wakubwa kupita kawaida ya umri wa mimba yao haikupungua kwa maana yoyote. Tena unene wa familia hupita kwenye jeni na kwenye sufuria wanayopakua wote, baba akiwemo. Mbona huyo haambiwi kitu?

Kumnyima mjamzito chakula nako kuna gharama. Waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walikuja kuugua zaidi moyo ukubwani. Na hapa kwetu, takwimu za kitaifa za 2015-16 zilikuta asilimia 28 ya wanawake wana uzito uliozidi, huku asilimia 45 wakiwa na upungufu wa damu. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa tuutazame mtori wenyewe: mshare uliochemshwa na mifupa ukapondwa kwa mwiko, nyama, kitunguu, supu nyingi. Anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na bakuli hilo linampa bila hila. Kilichobadilika ni maisha. Bibi alipotoka ndani alirudi kupanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mjukuu wake anayeishi Pasua, mtaa wa mjini Moshi, anapanda bodaboda hadi dukani na kukaa hadi jioni. Tena wageni wanamletea kreti ya soda, na chupa moja ina gramu 30 na ushee za sukari. Mimi ningeanza kuondoa kreti hiyo. Na hapa siwaungi mkono bibi zetu: mbege, pombe yetu ya ndizi, isitumike kama dawa ya kuongeza maziwa, kwa sababu pombe huingia kwenye maziwa hayo hayo.

Mazungumzo ya uzito yafanyike mapema, mtu anapopanga kuzaa, mume akiwa amekaa pale pale. Anayefika kliniki wiki ya 26 akiwa na kilo 90 apimwe sukari ya damu, kwa kuwa wiki ya 24 hadi 28 ndio wakati wake, apewe vidonge vya madini chuma na foliki asidi, na aelezwe kwamba hata mjamzito mnene anatarajiwa kuongezeka kilo tano hadi tisa.