Kilikuwa kidole, si kikombe

Kwanza nirekebishe: sikunywa. Nilionja. Yule anayezunguka mtaa wetu wa Birere akisema nilichota na kikombe chini ya gari langu ninamjua, na pesa zangu hajanirudishia.

Fuso yangu ilikuwa inapoteza maji. Goma hadi Sake, kwenda na kurudi, rejeta imepungua nusu lita. Chini hakuna tone. Lakini ardhi ya Goma mnaijua: mawe ya volkano, mwaga ndoo, yanameza ukiangalia. Fundi akatazama moshi, si mweupe. Akafungua kifuniko injini ikiwa baridi, akawasha, hakuna mapovu. "Kichwa cha injini kizima. Tia dawa ya kijani ya rejeta, usiku tandika karatoni chini. Ile dawa ina harufu tamu, utaitambua."

Harufu, alisema. Shikeni hilo neno, mimi sikulishika.

Saa kumi na moja alfajiri, karatoni limelowa! Doa la ukubwa wa sahani, karibu na gurudumu la mbele. Kwa tochi ya simu nilitaka liwe kijani, likawa kijani. Nikapiga magoti. Nikachovya kidole. Vuguvugu. Nikajiambia injini bado ina joto, injini niliyoizima jana jioni! Nikanusa, lakini nina mafua tangu Jumatatu, pua imeziba. Hapo mwenye akili huinuka akatafute chai. Mimi kidole kikapanda taratibu hadi mdomoni. Ulimi ukangoja utamu. Ukangoja. Ikaja chumvi.

Nikawaza: wameniuzia dawa feki. Nikarudia.

Ndiyo, mara ya pili. Hiyo hata yule msambazaji haijui, chukueni bure.

Nyuma yangu zamu, mlinzi wa usiku, akakohoa, bado anafunga mkanda. "Papa, unisamehe. Choo kiko mbali, na baridi ya usiku..." Na getini, nani amesimama? Rafiki yangu, amekuja kuomba nimsogeze hadi Sake. Tangu saa ngapi yuko pale, sijathubutu kuuliza.

Nimesukutua kwa maji, kwa chumvi, kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Fundi alipomaliza kucheka akasema nishukuru: dawa yenyewe ni sumu, inaua figo. Kisha akainua zulia upande wa konvuayeri, utingo wangu. Kijani tupu! Hita ya kabini, ile inayopitisha maji ya injini, imetoboka. Kumbe ule ukungu kwenye kioo niliousingizia ziwa ulitoka humo humo. Tukaikwepesha hita kwa kipande cha mpira, nusu saa, kwisha.

Sasa konvuayeri. Wiki mbili kijana alilalamika viatu vyake vinalowa na kunata, nami nikamwambia, mbele ya abiria, aoshe miguu. Hajanijibu hadi leo. Ila kila asubuhi ananiletea chai, anaishika kwa mikono miwili kwa heshima zote: "Patro, onja kwanza."