Kuweka /etc kwenye Git: inakusaidia wapi, inakuponza wapi

Kuna ubishi hauishi kwa sisi tunaolea seva: mafaili ya konfigi (mipangilio ya seva, kwenye Linux yanakaa folda la /etc) yaingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko, au yaachwe hapo yalipo? Wa upande huu wanakwambia seva isiyo na historia ya konfigi ni kama duka lisilo na daftari la madeni, wa upande ule wanasema /etc haikutengenezwa kwa ajili ya Git na ukiilazimisha utakuja kulia. Mimi nimeshalia pande zote mbili kwa hiyo acha niseme.

Kuna ofisi moja nilikuwa nawaangalizia seva yao, Linux ya Debian yenye nginx, programu inayohudumia tovuti, na tovuti yenyewe ya duka. Kila aliyewahi kuishika ile seva kabla yangu aliacha kopi yake: nginx.conf.bak, nginx.conf.bak2, nginx.conf.ya_jana, na moja imeandikwa nginx.conf.usiguse. Haya, siku hiyo wateja wanapandisha picha wanapigwa na 413, kosa la kwamba faili ni kubwa mno, kumbe nginx ukiiacha ilivyo inakubali MB 1 tu, kazi ya dakika mbili hiyo. Nikaedit faili la duka nikaweka 20, nikarilodi, 413 ile ile. Nikaweka 50, wapi. Karibu saa nzima nahangaika mpaka nikaja kuona ndani ya sites-enabled, folda la tovuti zilizowashwa, kuna mtu alisahau kopi inaitwa bak_duka, na nginx ya Debian inasoma kila kilichomo kwenye hilo folda, haiangalii mkia wa jina, inasoma kwa alfabeti, sasa bak_duka inatangulia duka, zote mbili zina jina moja la tovuti, basi ya kwanza inashinda na ya pili inapuuzwa. Na nginx -t, amri ya kukagua konfigi, ilikuwa inanionya kila nikiiita kwamba majina yamegongana, ila kwa kuwa mstari wa mwisho unasema jaribio limefaulu mimi nilikuwa nasoma huo wa mwisho tu. Aibu yangu.

Hiyo ndo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa Git, na watu hawaisemi sana: siyo kwamba utarudi nyuma, ni kwamba utaacha kuzalisha hizi kopi za uoga. Mtu anayejua jana ipo kwenye historia hana haja ya kuandika usiguse.

Kwa Debian na Ubuntu njia rahisi ni etckeeper, ya Joey Hess, ipo tangu 2007. Ukiiinstoli inageuza /etc kuwa ripo, yaani folda lenye historia ya Git, halafu inajichomeka kwenye apt, kiinstola cha programu: kabla ya paketi kuingia inakomiti, yaani inaandika kwenye historia, ulichokuwa umebadilisha, ikimaliza inakomiti ilichobadilisha apt. Hapo raha yake utaiona siku ya apgredi, dpkg, fundi aliye chini ya apt, inakusimamisha katikati inakuuliza uchukue konfigi mpya au ubaki na yako, zamani nilikuwa nabonyeza N, nibaki na yangu, kwa woga tu kila mara, siku hizi nachukua mpya halafu natulia na git diff, inayoonyesha tofauti, naangalia nini kimepotea narudisha.

Sasa upande wa pili, na hawa jamaa siyo wavivu kama wengine wanavyowasema, wana pointi.

Ya kwanza, Git ilizaliwa 2005 kwa ajili ya kodi ya Linux, yaani maandishi ya programu, na kodi haina shida ya nani anamiliki faili. Kwa hiyo Git inakumbuka kitu kimoja tu kuhusu ruhusa, faili linaweza kuranishwa au hapana, basi. Mwenyewe nani, grupu gani, namba za nani asome na nani aandike kama 600 au 640, hayo haiyajui. Ukilirudisha faili la siri kutoka kwenye historia kwa git checkout ukiwa rooti, mwenye mamlaka yote ya seva, faili linaandikwa upya na mara nyingi linatoka 644, kila mtu anaweza kulisoma. Fanya hivyo kwa funguo za /etc/ssh uone: sshd, inayokuruhusu kuingia seva ukiwa mbali, siku utakayoirestati itazikuta funguo zimeachwa wazi, itazikataa, ikikosa hata moja haiwaki, na wewe uko nje ya seva unagonga mlango. etckeeper inaziba hili kwa kuandika ruhusa zote kwenye faili lake la pembeni, lakini lazima uzirudishe kwa etckeeper init, na mtu aliyezoea Git ya kawaida hajui hilo mpaka yamkute.

Ya pili, historia bila sababu ni nusu historia. etckeeper inakomiti yenyewe kila siku pia, ukiacha watu wafanye wanavyotaka, baada ya mwaka git log yako ni mistari ya "daily autocommit" kuanzia juu hadi chini. Unaona kwamba namba ilitoka 20 ikawa 50, kwa nini hujui. Na kama timu nzima mnaingia kama rooti moja kwa moja basi aliyekomiti ni rooti, kamuulize rooti. Mkitumia sudo, kila mtu na akaunti yake, angalau jina la mtu linabaki.

Ya tatu ndo inanikosesha usingizi. /etc imejaa siri: shadow ya paswedi za watumiaji, funguo za SSL, paswedi za databesi. Historia ikikaa ndani ya seva, kwenye /etc/.git, ambayo etckeeper inaifungia rooti peke yake, haivuji, ila diski ikifa inakufa pamoja na konfigi zenyewe, kwa hiyo usimwambie bosi kwamba una bakap. Ukiipushi nje, yaani kuituma kwenye seva nyingine, inasalimika na diski, lakini sasa siri zako zote zina nyumba ya pili. Uber mwaka 2016 waliibiwa taarifa za watu milioni 57, wezi walianzia kwenye ripo ya GitHub (ghala la ripo mtandaoni) iliyokuwa ya faragha, wakakuta humo funguo za kuingilia AWS, seva za kukodi za Amazon. Faragha! Na kufuta faili kwenye komiti inayofuata hakusaidii kitu, lile la zamani bado lipo kwenye historia, siri ikishatoka ni kubadilisha siri yenyewe.

Wengine wanaruka mtego kwa Ansible au Puppet, zana za kupanga seva nyingi kwa pamoja, konfigi zinaandikwa kwenye ripo nje ya seva na seva inafuata. Kwa seva kumi sibishani. Kwa seva mbili naona ni kununua lori la kubebea ndoo ya maji, na lina utani wake: umeamka saa nane usiku umerekebisha kitu kwa mkono, umelala, Puppet kwa kawaida inapita kila dakika 30, inarudisha ubovu wako kwa uaminifu kabisa.

Mimi nimesimama hapa. etckeeper ndani ya kila seva, haipushiwi popote, na bakap ya /etc inatoka nje ikiwa imesimbwa. Vitu visivyo na siri, vhosti za nginx (mafaili ya kila tovuti), kron (kazi za ratiba), sheria za fayawoli, vina ripo yake ya kawaida ambayo timu nzima inaiona na kubishania. /etc/letsencrypt, penye vyeti vya HTTPS, nimeiweka kwenye .gitignore, orodha ya vitu Git isiviangalie, maana kila cheti kikifanywa upya ufunguo mpya unaingia kwenye historia na hautoki tena. Na autokomiti ya kila siku nimeizima. Watu wamenuna, wiki ya kwanza ujumbe wa komiti ulikuwa "fix", "fix2", "fix tena", yaani bak na bak2 zimehamia kwenye Git, ila hizi angalau nginx haizisomi.