Kabla ya London, pita Sam Nujoma

Wanafunzi wa fildi wakishazoea ofisi yetu hapa Arusha, yaani wakishajua chai inachemshwa wapi na karani yupi wa masjala ana roho nzuri, swali linalofuata ni la kuwa solisita, yaani wakili, wa Uingereza. "Shikamoo Wakili. Eti nikimaliza LL.B, hii shahada ya sheria, naweza kufanya ule mtihani nikawa solisita, nikaenda London moja kwa moja?" Wengine wanasoma Chuo Kikuu cha Makumira, wengine Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wengine wako Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wamerudi nyumbani likizo. Jibu langu ni moja kwa wote: mtihani unaruhusiwa kuufanya, ila kaapishwe kwanza uwakili hapa nyumbani, kwa kupita Shule ya Sheria iliyoko barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam.

Wananiangalia kama mzee mwenye wivu. Acha nieleze.

Mtihani wenyewe unaitwa SQE, ulianza Novemba 2021, na ndio njia ya sasa ya kuwa solisita wa England na Wales, hata kwa mawakili wa kutoka nje. Kinachowavutia vijana ni kwamba mlango uko wazi: si lazima uwe umesoma chuo cha Uingereza. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya kuchagua jibu, 360 kwa jumla, karatasi mbili za maswali 180 kila moja. Ya pili ni ya vitendo: kumhoji mteja, kutetea hoja, kufanya utafiti, kuandaa nyaraka. Hiyo ina vipengele 16, na vinne kati yake ni vya mdomo, ambavyo ni lazima usafiri ukavifanyie hukohuko. Ada ya sehemu zote mbili inakaribia pauni 5,000, zaidi ya shilingi milioni 15, na hapo hujagusa nauli, viza wala kozi ya maandalizi. Ukianguka unarudia, lakini kila sehemu una nafasi tatu tu ndani ya miaka sita.

Kuna jambo ambalo wale wa video za "njoo Uingereza" hulipita haraka. Mhitimu anayefaulu mtihani huo bado anadaiwa miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria. Uzoefu huo unaweza kuupata nchi yoyote, hata Kaloleni, mradi uthibitishwe na solisita wa England na Wales aliyeipitia kazi yako. Sasa nitajie ofisi za mawakili unazozijua kuanzia Mnara wa Saa hadi Njiro, uniambie ngapi zina mtu wa namna hiyo. Mtu ambaye tayari ni wakili kamili nchini kwake, kwa upande wake, hadaiwi hiyo miaka miwili. Tena anaweza kuomba asamehewe sehemu ya mtihani, na maombi yake yakapimwa kwa sifa na uzoefu alionao. Kwa hiyo yule anayeona kwamba kuapishwa Tanzania ni kupoteza muda ndiye anayejichagulia njia ndefu.

Na tusisahau kibali cha kazi. Kufaulu mtihani hakukupi haki ya kuishi wala kufanya kazi Uingereza. Haki hiyo inapitia kwa mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, na mshahara lazima ufikie kiwango kilichowekwa. Kile cha jumla kilipandishwa Julai 2025 hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Kampuni kubwa za London zenye uwezo wa kulipa hivyo huwachagua wanafunzi wao wa mafunzo takriban miaka miwili kabla ya siku ya kuanza kazi, na wengi huwa wameshawaona kwenye mafunzo ya likizo. Kijana wa Sakina anayetuma maombi akiwa na LL.B peke yake anashindana na watu walioanza kujipanga tangu mwaka wa kwanza wa chuo, tena wakiwa mtaa wa pili. Akienda kama wakili wa miaka mitano aliyeandaa mikataba ya uwekezaji, anakuwa na kitu ambacho wale hawana.

Kuhusu maudhui, wengi hujipa moyo kwamba sheria yetu na ya Waingereza ni mama mmoja. Ni kweli tuliipokea, lakini tuliipokea kama ilivyokuwa 22 Julai 1920. Mtihani unauliza ya leo. Chukua ardhi tu: kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kwa niaba yetu, na wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Huko mtu anamiliki ardhi moja kwa moja bila kikomo cha muda, na mfumo mzima wa usajili, rehani na pango umejengwa juu ya hilo. Yote uliyojifunza kuhusu kihamba cha Kibosho, yaani shamba la ukoo, nani alikigawa na nani alikula matanga, hayatakusaidia hata swali moja. Utaanza alifu.

Ndiyo maana narudi Sam Nujoma. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Shule ya Sheria, inaogopwa, na inaogopwa kwa sababu. Matokeo yaliyotoka Oktoba 2022 kila mtu anayakumbuka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu, yaani wa kurudia mitihani, walikuwa 342, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Kelele zilikuwa nyingi hadi waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Sikubaliani na wanaosema chuo kilikuwa kinawaonea watoto, na sikubaliani pia na mawakili wenzangu waliosema kizazi hiki ni kizembe. Ninachokiona kwa wanaokuja ofisini ni kwamba wamesoma sheria miaka minne bila kuandika. Wanajua kutaja vifungu. Mwambie aandike hati ya madai ya kurasa tatu kutokana na maelezo ya mama aliyeketi mbele yake analia, utaona anavyoangalia dari.

Kuandika huko ndiko unakotakiwa kuanza nako ukiwa bado chuoni, na ndiko SQE nayo inakokupima katika sehemu ya pili. Ukifaulu Shule ya Sheria, unaomba kwa Jaji Mkuu, unapita mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria, unaapishwa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili. Baada ya hapo lipa ada zako za Chama cha Mawakili Tanganyika kwa wakati na uhuishe cheti kila mwaka, hata mwaka usio na wateja. Msimamizi wa mawakili wa Uingereza atadai uthibitisho kwamba uko vizuri kwenu, na anayedaiwa au mwenye malalamiko ya kinidhamu hataupata kwa urahisi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana vijana wa mji huu wanaota kimataifa na kimataifa iko mlangoni kwao. Hapa AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, ndipo mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Chombo kilichorithi kazi zake kipo Lakilaki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapa, makao makuu ya Jumuiya. Chama cha Mawakili cha Afrika Mashariki na Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, vyote vina ofisi zao mjini hapa. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa nne waliozaliwa Ngarenaro ambao hawajawahi kuingia hata katika ukumbi mmoja kati ya hizo.

Ingieni. Ibara ya 37 ya Mkataba wa Jumuiya inasema wakili mwenye haki ya kusimama katika mahakama ya juu ya nchi mwanachama yeyote anaweza kumwakilisha mteja mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Maana yake, ukishaapishwa Tanzania, siku hiyohiyo umekuwa na haki ya kusimama katika mahakama ya kimataifa bila mtihani mwingine na bila viza, kwa nauli ya daladala. Nairobi ni mwendo wa saa chache kupitia Namanga, lakini ili usimame mahakama za Kenya unahitaji kuwa kwenye orodha yao ya mawakili. Hii ya Arusha haikudai hilo.

Na kesi zake si za kuigiza. Shauri la ardhi la vijiji vya Loliondo dhidi ya serikali yetu lilitupwa na kitengo cha awali Septemba 2022, kisha Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaitengua hukumu hiyo. Ukizisoma hukumu hizo mbili pamoja, hasa namna ushahidi wa mipaka ulivyotazamwa, utajifunza kuhusu kuandaa ushahidi zaidi ya kitini chochote. Ukikaa ukumbini utaona kitu kingine: jaji anamkatiza wakili katikati ya sentensi nzuri aliyoitunga usiku kucha, anamuuliza, "Ibara gani?" Wakili anaanza kufunuafunua makaratasi. Wanafunzi niliowapeleka walitoka wakizungumzia hayo makaratasi tu.

Mahakama ya Afrika ina ugumu wake kwetu. Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja, kwa hiyo mkondo wa mashauri mapya ya aina hiyo dhidi yetu ulikatika mwaka uliofuata. Lakini utafiti, ukalimani wa kisheria na uandishi bado vinahitaji watu, na Kiswahili sasa ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Huku nyumbani, Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya kuwa lugha ya mahakama. Wakili anayeweza kuandika hoja nzito kwa Kiswahili safi na kwa Kiingereza safi bado ni adimu, na mimi ningemwajiri huyo kabla ya mwenye LL.M. mbili, yaani shahada mbili za uzamili za sheria.

Tuje kwenye barua za maombi, maana hapa ndipo wengi mnapoanguka kabla hata ya kuonekana. Mwaka jana nilipokea moja: "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Sawa, wote tumefundishwa hivyo. Aya ya pili ikatusifu kwa ubobezi wetu wa sheria za madini. Madini hatujawahi kuyagusa. Sisi ni ardhi, mirathi na mikataba ya kampuni za utalii. Vyeti vilikuwa vimepigwa picha kwa simu juu ya kitanda, ua la shuka linaonekana pembeni. Sikumjibu, na sidhani kama nilimkosea.

Barua nyingine, ya binti wa Moshi, ilikuwa na aya tatu. Alisema amefuatilia shauri moja la mirathi ya kihamba Mahakama Kuu Moshi, akaisoma hukumu yake kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, akaeleza kwa mistari minne ni wapi hakukubaliana na jaji na kwa nini. Hoja yake ilikuwa na tundu. Tulimwita siku ileile, na GPA tuliiulizia baadaye kwa sababu ya fomu ya chuo.

Kampuni za nje nazo zinataka hichohicho. Lile swali lao la "kwa nini sisi?" halijibiwi kwa kusema wao ni wakubwa na wanaheshimika duniani. Taja kazi yao moja unayoielewa, useme ungeongeza nini. Wadhamini kwenye wasifu wako wawe watu walioiona kazi yako. Mchungaji wako namheshimu, ila hajui kama unaweza kuandaa mkataba wa pango.

New York nitaigusa kidogo tu kwa sababu mnaiuliza. Baadhi ya waliosoma kwa mfumo wa Kiingereza huruhusiwa kufanya mtihani wao baada ya vyeti kutathminiwa, wengine huambiwa wafanye kwanza LL.M. ya Marekani, na kabla ya kuapishwa unatakiwa uwe umetoa saa 50 za huduma ya kisheria bila malipo. Tathmini inachukua miezi. Omba mapema au usiombe.

Mawakala wanaoahidi nafasi ya kazi kwa "ada ya usindikaji" wafukuzeni. Wewe ni mwanasheria. Mtu akikuomba hela ili akuajiri unajua jina la kosa hilo. Na nasema hili kwa wazazi pia, maana wamenijia: msiuze kiwanja cha Kiboriloni kulipia SQE ya mtoto ambaye hajaapishwa.

Kwa anayetaka kwenda kweli, kuna njia isiyouza kitu. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, inalipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, na inakudai urudi nyumbani ukae miaka miwili baada ya kumaliza. Dirisha lake hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Wakili aliyeapishwa na kufanya kazi miaka miwili hapa anakuwa amekamilisha sharti hilo bila kujua. Vyuo vyenyewe vitataka barua za udhamini, na mimi huziandika kwa moyo kwa waliofanya kazi nasi. Niombeni Julai, na mniletee sampuli ya maandishi yenu niikumbuke.