Nimepata Sita kwa Kumi

Juzi nimepata sita kwa kumi kwenye hesabu za sehemu. Usinicheke. Kama una mtoto wa darasa la nne nyumbani, na wewe una maksi zako, ila hujazihesabu. Daftari lilikuwa lake, jina juu lake, kichwa kilichotumika changu. Mwalimu akaandika chini kwa wino mwekundu, "Ongeza bidii." Mwenye daftari alipoona nimenyong'onyea akanishika bega: "Baba, usijali. Wengine wamepata nne."

Wengine wamepata nne. Kumbe huko nje kuna baba zangu wadogo wamefeli vibaya zaidi.

Nilifikaje huku? Kwa kukosa subira, basi. Mtoto wangu hukaa mezani saa kumi na moja jioni. Kwanza penseli haipo. Ikipatikana, haina ncha. Kichongeo kikionekana, ncha inakatikia ndani, inabidi ichokolewe kwa mguu wa bikari. Anapuliza unga. Anautazama unga unavyoshuka. Anakwenda kuutupa, njiani anakutana na kiu. Anarudi, anauliza leo tarehe ngapi. Anaiandika, imepinda, anaifuta, kifutio kinatoboa karatasi, anaichana karatasi, na kwa kuwa daftari ni la kubana katikati, karatasi pacha ya upande wa pili nayo inatoka. Pacha hiyo ndiyo ilikuwa na kazi ya jana.

Saa kumi na mbili na nusu, kazi iliyofanyika ni tarehe.

Wewe ungefanyaje? Mimi nilishika penseli. "Lete hapa nikuoneshe moja tu." Ile moja ikazaa ya pili, ya pili ikaniletea kiti nikae vizuri. Siku hizi anarudi shuleni, anatua begi miguuni pangu na kusema, "Baba, leo tumepewa nyingi." Tumepewa! Mimi na nani?

Na hilo begi nilikuwa sijalifungua mpaka chini. Jumamosi nikaligeuza kichwa chini miguu juu. Zikatoka soksi moja, rula nusu, vifuniko sita vya kalamu visivyo na kalamu, na chini kabisa karatasi iliyojikunja kama jani kavu. Nikainyoosha kwa kiganja. Barua ya shule: mzazi anaalikwa kwenye kikao cha namna ya kumsaidia mtoto kujipanga na kujitegemea katika masomo. Tarehe ya kikao ilishapita wiki tatu.

Nikaona basi, nijisomee mwenyewe. Nikakutana na Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo, ambaye akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 masomo yalimshinda, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega. Mtindo wake ukaja kuwa dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Nikatega simu yangu. Zile tano za kupumzika kijana alizitumia vizuri sana. Zile 25 alizitumia kuuliza zile tano zinakuja lini. Nikashusha hadi kumi, na kwa kumi nakiri amekaa. Kumbe hata mimi nikijipima, dakika 25 bila kugusa simu sizifikishi, na ndiyo hiyohiyo simu iliyotegwa.

Halafu nikabandika orodha mlangoni: daftari, kitabu, penseli mbili, rula, begi lifungwe usiku na si asubuhi. Niliibandika ili nisiulizwe. Sasa naulizwa, "Baba, mlango unasemaje?"

Kuhusu kukariri ndiyo usiseme. Anasoma notsi za sayansi mara tano, anafunika daftari kwa mbwembwe, "Nimeelewa!" Haya, nieleze. Kimya. Anatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Watafiti wawili, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006: wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri walipojaribiwa dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki wakapitwa na wale waliokuwa wamefunga maandishi na kujilazimisha kukumbuka. Na wale warudiaji ndio waliojiamini zaidi! Sasa namwambia afunge daftari, anieleze mimi kama mtu nisiyejua kitu. Sehemu ya kutojua naicheza bila mazoezi.

Ila lililoniuma zaidi ni la ubongo. Inasemekana ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayoshughulika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu afike miaka ya 20 na kitu, kama 25 hivi. Mtoto ana tisa. Nikatoa: 16. Hiyo hesabu niliipata yote bila msaada. Miaka 16 ya kuuliza rula iko wapi! Nikamweleza mama yake kwa uchungu. Akaniuliza, "Na wewe ya kwako ilikomaa lini? Funguo umezitafuta tangu asubuhi." Nikabadilisha mazungumzo.

Wataalamu wana neno wanalolitumia tangu 1976, wamelichukua kwa mafundi ujenzi: mirunda. Unamsimamishia mtoto mirunda anapojenga, na ukuta ukishika unaiondoa mmojammoja. Wazo zuri. Kwangu fundi aliangalia mirunda imesimama imara, akaenda kucheza.

Kwa hiyo wiki hii nimeanza kujiondoa. Jumatatu alisahau kitabu mezani, na kwa mara ya kwanza sikukimbia nacho shuleni. Kilinitazama siku nzima. Nilikigeuza jalada chini, bado kikawa kinanitazama. Alirudi amenuna, lakini usiku ule begi lilifungwa bila mlango kuulizwa. Sijasema amepona. Jumanne saa nne usiku, taa zimezimwa, nikasikia kitandani, "Baba, kesho tunatakiwa kwenda na karatasi ya manila." Hiyo nayo sikuitafuta. Nililala vibaya, lakini sikuitafuta.

Jana ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Nimekaa pembeni yake, mikono nimeikalia, kwa maana halisi, vidole vimekufa ganzi. Swali la nne: nusu jumlisha theluthi. Kaandika mbili ya tano. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kamaliza. Yaani nusu imeongezewa kitu, ikapungua! Nilidhani ni mshahara wangu tu unaoweza kufanya hivyo.

Penseli iko pale. Kifutio kiko pale. Jibu liko kooni, tano ya sita, linataka kutoka. Nikameza. Nikauliza moja tu, kwa sauti ya mpita njia: "Hivi, nusu na mbili ya tano, ipi kubwa?"

Akafikiri. Akachora duara, akaligawa. Macho yakamng'aa. "Nusu!"

"Ehe?"

"Ehe," akasema, akaenda swali la tano.

Akamaliza kumi yote peke yake, akafunga daftari, akalitia begini, akavuta zipu, akaliweka mlangoni chini ya orodha. Mambo yote niliyoyaomba Mungu. Akaenda kulala anaimba.

Saa nane usiku nimeamka. Nyumba kimya. Begi liko pale, limenenepa, na ndani yake kuna mbili ya tano. Nimesimama mbele yake muda ambao hata Mwitaliano wa nyanya angenipa mapumziko. Mkono ukaigusa zipu kidogo tu, kuona kama imefungwa vizuri.

"Wewe," sauti ya mama watoto ikatoka chumbani, "unafanya nini hapo?"

"Nakunywa maji."

"Jikoni ni upande ule."