Mwezi mbovu haufidiwi na mwezi mzuri

Uingereza ilipofuta tax credits (msaada wa serikali kwa familia za kipato kidogo) mwezi Aprili 2025, familia za waliojiajiri zilipoteza kitu kimoja muhimu: hesabu ya mwaka mzima. Kazi ya fundi au dereva haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Zamani mwezi mzuri ulibeba mwezi mbovu, na hata kipato cha mwaka kikiongezeka kwa kiasi kisichozidi pauni 2,500, malipo ya mwaka huo hayakuguswa.

Universal Credit, msaada uliochukua nafasi yake, inapima kipato mwezi kwa mwezi. Baada ya miezi 12 ya mwanzo, inayohesabiwa tangu utambuliwe kuwa biashara ndiyo kazi yako kuu, wengi huwekewa kima cha chini cha kipato. Ukipata chini yake, unahesabiwa kana kwamba umekifikia.

Tuseme kima chako ni pauni 1,500. Mwezi huu umebaki na 400, ujao 2,600. Jumla ni 3,000, lakini Universal Credit imehesabu 4,100 (1,500 na 2,600). Kwa kuwa msaada hukatwa senti 55 kwa kila pauni ya kipato, hizo 1,100 za ziada zimeipotezea familia pauni 605. Mwajiriwa wa 1,500 kila mwezi huhesabiwa 3,000 tu. Huo ni uonevu!

Kinachoumiza zaidi ni bima ya biashara. Gharama huhesabiwa siku inapolipwa, kwa hiyo ukiilipa yote kwa mkupuo, faida ya mwezi ule inaweza kuzama chini ya kima, na sehemu hiyo ya gharama haikupunguzii kipato kinachohesabiwa. Ilipe kwa awamu za kila mwezi, ila kwanza angalia riba. Na ripoti ya mapato usiicheleweshe, maana malipo husimamishwa.