Wakili Aje Kabla ya Busu

Nikifungua riwaya ya mapenzi ya kihistoria, zile za magauni marefu, magari ya farasi na dansi mpaka alfajiri, mtu ninayemngoja kwa hamu si yule bwana mrefu mwenye uso wa kununa. Namngoja wakili. Namngoja mzee wa makaratasi akae na baba wa binti waulizane: binti anakuja na kiasi gani, mume akitangulia mbele ya haki mjane atakula nini, na watoto wasio wa kwanza watapata fungu gani. Riwaya isiyogusa mambo hayo, hata kwa mistari miwili tu, naimaliza haraka na naisahau haraka.

Najua naonekana mkavu. Marafiki zangu wengi waliingia kwenye ulimwengu huu baada ya Netflix kuanza kuonyesha tamthilia ya Bridgerton mwishoni mwa mwaka 2020. Waliingia kwa mlango wa mavazi na muziki, na sasa wananiambia nawaharibia raha kwa habari za sheria na madeni. Mimi naona ndiyo kwanza nawaongezea raha. Mapenzi ya enzi ile hayana uzito mpaka msomaji ajue binti yule anaweka rehani kitu gani anapokubali kushikwa mkono.

Enzi yenyewe ilikuwa fupi. Waingereza wanaiita Regency: miaka ya 1811 hadi 1820, Mfalme George III alipozidiwa na maradhi, mwanawe akatawala kwa niaba yake. Familia za wenye ardhi zilihamia London kwa msimu wa karamu, na mabinti waliotimiza umri wakatolewa nje waonekane. Pale Almack's, ukumbi wa dansi wa mtaa wa King, huingii mpaka mabibi wakubwa waliousimamia wakupe kibali. Vinywaji vyenyewe vilikuwa duni, lakini nani alifuata vinywaji? Lilikuwa soko la ndoa, na kila aliyekuwemo ndani alilijua hilo.

Sasa twende kwenye sheria, maana hapo ndipo utamu ulipo. Mwanamke wa Kiingereza akishaolewa, kisheria alikuwa amemezwa na mumewe. Fedha alizokuja nazo zilikuwa za mume. Mshahara wake, kama alifanya kazi, wa mume. Hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake, na kwa kawaida hakuweza kumshitaki mumewe kwa sababu wawili hao walihesabiwa kuwa mtu mmoja. Watoto walikuwa wa baba. Mpaka mwaka 1839 ndipo bunge lilipompa mama aliyetengana na mumewe nafasi ya kuomba mahakama imwachie wadogo. Talaka kamili, inayomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena, ilihitaji sheria maalumu ya bunge kwa ajili ya ndoa hiyo moja. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1857, na katika miaka yote hiyo wanawake waliofanikiwa kuipata ni wanne tu. Mke kumiliki mali yake kikamilifu kulikuja na sheria ya mwaka 1882, miaka zaidi ya sitini baada ya dansi za Regency kwisha.

Kinga ilikuwa moja: mkataba wa ndoa, ulioandikwa na kutiwa saini kabla ya kwenda kanisani. Ndani yake wakili wa upande wa mke aliandika pesa za matumizi yake mwenyewe, pato lake akifiwa, na mafungu ya watoto. Mali iliyotengwa kwa ajili yake ilikabidhiwa kwa wadhamini, na Mahakama ya Chancery iliwalinda wadhamini hao hata mume akipiga kelele. Baada ya harusi mlango huo ulifungwa, isipokuwa mume mwenyewe aamue kuwa mwema.

Ukishalijua hilo, soma tena zile sura za kutoroka. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilitaka ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu au ipatikane leseni. Aliyekuwa chini ya miaka 21 hakupata leseni bila idhini ya baba, na matangazo ya kanisani baba aliweza kusimama akayapinga. Scotland haikufuata sheria hiyo. Huko wawili walikubaliana mbele ya mashahidi na ndoa ikawa ndoa. Kwa hiyo wapenzi walikodi gari la farasi wakakimbilia Gretna Green, kijiji kilichoko mara tu unapovuka mpaka, karibu kilomita 500 kutoka London. Waandishi wa leo wanaipenda sana safari hiyo. Mvua, matope, nyumba ya wageni yenye chumba kimoja tu kilichobaki (sijui kwa nini daima kimoja). Wanachokiruka ni kwamba binti anayekimbilia Gretna anaolewa bila mkataba. Baba aliyekasirika anaweza kuzuia fungu lake, na kile kidogo alicho nacho mkononi kinahamia kwa mume siku hiyohiyo. Ni kama mtu aliyenunua kiwanja bila hati kwa sababu muuzaji alikuwa na tabasamu zuri. Aibu ya kuzungumzwa na majirani ndiyo wanayoiandika kila siku, lakini hofu ya kweli ilikuwa kwenye mfuko.

Jane Austen, mwandishi Mwingereza aliyeishi enzi hiyohiyo, aliijua hofu hiyo kuliko wote walioandika baada yake. Katika Pride and Prejudice, kilichochapishwa mwaka 1813, watu hukumbuka macho ya Darcy, yule bwana tajiri, na ulimi wa Elizabeth Bennet, binti anayempenda. Mimi hukumbuka hesabu. Mabinti watano wa Bennet hawana cha kutegemea zaidi ya pauni 1,000 kila mmoja, tena baada ya mama yao kufa. Darcy anaingiza pauni 10,000 kwa mwaka. Mdogo wao Lydia anapotoroka na Wickham, kijana wa jeshi mwenye madeni, nyumba nzima inaomba wawe wamekwenda Scotland. Kumbe wamejificha London, hawajaoana, na kijana hana haraka ya kuoana bila kulipwa.

Hapo angalia nani anatumwa. Mjomba. Bwana Gardiner, kaka yake mama, mfanyabiashara wa London ambaye jamaa za Darcy wangemdharau kwa sababu anaishi karibu na maghala yake. Yeye ndiye anayeonekana kukaa na kijana na kupatana. Barua anayompelekea baba mtu ni ya masharti matupu: fungu la Lydia katika zile pauni 5,000 za nyumbani lihakikishwe kwa maandishi, na baba atoe pauni 100 kila mwaka maadamu yu hai. Bennet akaguna mara moja. Anaijua bei ya soko: Wickham ni mjinga, anasema, kama amemchukua kwa chini ya pauni 10,000. Lazima kuna mtu amelipa kilichobaki. Na kweli yupo. Darcy amelipa madeni ya Wickham yanayopita pauni 1,000, ameongeza nyingine 1,000 kwa jina la Lydia, na amemnunulia kijana cheo jeshini, kisha akamwachia mjomba sifa zote.

Hicho ndicho kitendo kikubwa kabisa cha mapenzi katika kitabu kile, na kimefanyika mbele ya makaratasi. Hakuna shairi lililosomwa, wala aliyeruka dirishani. Elizabeth mwenyewe anakuja kuambiwa na shangazi yake kwa barua. Mwandishi asingetueleza kwanza mambo ya pauni, tusingejua Darcy amefanya nini.

Sisi tulio kwetu tuna jicho la kusomea mambo haya. Aliyewahi kukaa chumba cha pili akisikiliza wazee wakijadili posa yake hahitaji kuelezwa kwamba mtu anaweza kupenda kwa moyo wote huku mshenga anavutana na shangazi kuhusu idadi ya ng'ombe au bei ya kabati. Mwelekeo tu ndio unaobadilika: kwa Waingereza wale mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, ndiyo maana binti maskini alikuwa msiba wa nyumba. Lakini ile hali ya watu wazima kukaa na kuulizana maswali ya aibu ili mtoto wao asije akadhalilika, tunaijua. Nashangaa nikiona wasomaji wa Kiswahili wakirudia maneno kwamba ndoa za zamani zilikuwa "biashara isiyo na mapenzi", wakati kadi ya mchango wa harusi ya binamu iko kwenye simu zao.

Basi nina ugomvi na riwaya nyingi zinazoandikwa leo. Wa kwanza ni mdogo: madyuki, wale mabwana wa cheo cha juu kabisa, wamezidi. Nchi nzima, ukiacha wa ukoo wa kifalme, haikuwa na madyuki wanaofika arobaini, na wengi wao walikuwa wazee au wameshaoa. Rafu moja ya duka la vitabu ina vijana wa cheo hicho, tena wenye meno yote, kuliko Bunge la Mabwana la wakati ule. Hilo nawasamehe, ndoto haina polisi.

Wa pili siwasamehe. Ni ile hadithi ya ndoa ya makaratasi: wawili wanaoana kwa ajili ya urithi, wanakubaliana wasiguse kitanda cha mwenzake, halafu baada ya mwaka ndoa ifutwe kwa kuwa hawajalala pamoja. Katika sheria ya Uingereza ya wakati ule kutolala pamoja peke yake hakukufuta ndoa. Ilibidi kuthibitishwa mbele ya mahakama ya kanisa kwamba mmoja wao hawezi kabisa tendo la ndoa, na bwana gani mwenye jina angekubali hilo lisomwe hadharani? Mwandishi anapofungua mlango huo wa nyuma, hatari yote inatoka nayo. Mke anaweza kuondoka, mume anaweza kuondoka, na mimi naweza kufunga kitabu.

La tatu ni swali zaidi kuliko ugomvi. Shujaa ana nyumba yenye vyumba sitini. Fedha zinatoka wapi? Mara nyingi jibu linapita kwa kasi, "mashamba ya West Indies", yaani visiwa vya Karibea, na tunarudi kwenye dansi. Mashamba yale yalikuwa ya miwa na waliolima walikuwa watumwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake mpaka sheria ya mwaka 1833, na fidia ya pauni milioni 20 wakapewa wamiliki. Msomaji aliyekulia pwani hii, ambako magofu ya biashara hiyohiyo bado yapo, hawezi kupita mstari ule kama anayesoma jina la kitambaa. Sisemi tuache kuzisoma. Ila mwandishi anayehesabu vifungo vya koti la dyuki anaweza pia kuhesabu chanzo cha koti.

Aliyefanya vizuri zaidi ni Georgette Heyer, ambaye ndiye aliyeipa aina hii ya riwaya sura tunayoijua. Kuanzia miaka ya 1930 aliandika vitabu vya Regency kimoja baada ya kingine, vingi vya kuchekesha. Kile ninachompa mtu anayeniomba kimoja tu ni A Civil Contract cha mwaka 1961, ingawa wapenzi wengi wa aina hii wanakichukia. Adam anarudi kutoka vitani kwa sababu baba amekufa na kumwachia cheo, madeni, mama na dada wasio na kitu, na nyumba ya ukoo, Fontley, iliyowekwa rehani. Anampenda Julia, mrembo asiyeweza kumwokoa. Anaoa Jenny, mnene kidogo, mkimya, binti wa tajiri wa mjini asiyejua adabu za mabwana lakini anajua bei ya kila kitu.

Hakuna siku Adam anaamka akamwona Jenny amegeuka mrembo. Jenny anajua chai anaipenda vipi, anajua asiguse karatasi zipi, anamzalia mtoto, na polepole nyumba inakuwa na joto. Vita vya Waterloo vinapokuja mwaka 1815 na mji mzima unaogopa Wellington, jemadari wa Waingereza, ameshindwa, baba mkwe anamshauri Adam auze hati zake za mkopo wa serikali haraka kabla hazijapoteza thamani. Adam, aliyekuwa askari, ananunua zaidi. Wellington anashinda, bei ya hati inapanda, na kwa mara ya kwanza Adam ana fedha zisizo za mkwe. Kitabu kingine kingeutumia ushindi huo kumrudisha kwa Julia. Julia ameshaolewa na mtu mzima mwenye kumjua vizuri, na Adam, akiwa huru mfukoni, anagundua kwamba anapotaka kumsimulia mtu habari ile, anayemtaka ni Jenny.

Wasomaji wanalalamika kwamba hayo si mapenzi, ni mazoea, na kwamba Jenny alistahili mwanamume anayemwota usiku. La Jenny nalielewa, hata mimi limenikera. Lakini wale wanaosema Adam alipaswa kufuata moyo wake na kumchukua Julia tangu sura ya kwanza, naomba waniambie rehani ya Fontley angeilipa nani, na wale dada zake wangeolewa na nini.